Vidato Sabini na Viwili

Mwarandu alikuwa kileleni mwa mnazi, kisu chake cha kotama mdomoni na kibuyu kiunoni, aliposikia mtu akigongomea msumari huko chini. Akadhani ni mkewe anatengeneza banda la kuku. Lakini pigo la pili lilimpanda mpaka nyayoni, akatambua kwamba kinachogongomewa si banda bali ni mnazi, tena huu huu aliokuwa juu yake.

"Nani huyo?" aliita baada ya kuitoa kotama mdomoni. "We! Huku juu kuna mtu!"

"Serikali," sauti ikamjibu kutoka chini.

Mwarandu alikuwa Mrabai aliyehamia Mtongwe, upande wa Likoni, tangu ujana wake, na kazi aliyokuja nayo ni kugema. Asubuhi na jioni alipanda minazi yake kumi na mmoja, akaikata ncha ya ua kidogo tu ili itone, akatundika kibuyu, akashuka na pombe yake, tembo, kuwauzia makuli wa bandari ya Kilindini. Katika miaka yote hiyo alikuwa amewahi kuitwa na wateja, na mkewe, na mara moja na padri, akiwa juu ya mnazi. Serikali ilikuwa haijamjia huko. Akashuka kidato kwa kidato, upesi kuliko desturi, tembo likimwagikia paja.

Chini walisimama watu wawili. Wa kwanza alikuwa Mzee Fondo, mzee wa mtaa, ameshika kopo la misumari kwa mikono miwili na kutazama pembeni, kama mtu aliyesindikizwa huko kwa nguvu. Wa pili alikuwa kijana wa bara, soksi ndefu mpaka magotini, kitabu kwapani na nyundo mkononi. Huyu alikuwa Nicanor, karani mpya wa miti, miezi mitatu tu tangu ashuke kwenye gari moshi. Hakutoa hata shikamoo. Kwenye shina la mnazi alikuwa amepigilia kibati chenye nambari arubaini na saba.

"Mzee," akasema, "hii mti yako iko mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Chonga."

Ni nani pale Mtongwe wa kuelezwa chonga ni nini? Ni mdudu mweusi, mnene kama kidole gumba, mwenye pembe moja puani. Huingia kileleni mwa mnazi akautafuna moyo wake, na makuti yakichanua huwa yamekatika-katika kana kwamba mtoto kachezea mkasi. Watu wa pwani walikuwa wakiishi naye na kugombana naye tangu enzi za babu zao bila kumhusisha mtu wa tatu. Ila mwaka ule, arubaini na mbili, meli za kijivu zilikuwa zimejaa Kilindini, vita vilihitaji mafuta ya nazi na sabuni, na chonga akajikuta ametiwa kundi moja na Mjarumani na Mjapani. Akaletwa Mzungu maalumu wa kumpiga vita. Mzungu huyo alitembea na chonga mmoja mfu ndani ya kijisanduku cha kioo, amechomwa pini mgongoni, na wiki haikupita watu wakawa wanamwita Bwana Chonga. Amri yake ilikuwa fupi: kila mnazi mgonjwa ukatwe.

Mwarandu akautazama mnazi wake kuanzia chini mpaka juu. Makuti yalikuwa kijani, mazima, yamejitandaza.

"Nani kakwambia huu mgonjwa? Umeyaangalia makuti yake?"

"Mimi naangalia mashimo," Nicanor akasema, akafungua kitabu. "Nimehesabu. Iko na mashimo sabini na mbili."

Mwarandu aliangalia shina, akaangalia kitabu, akaangalia shina tena. Kisha akaangua kicheko hata tembo lililosalia kibuyuni likaanza kumwagika. Alicheka peke yake. Mzee Fondo alikuwa akihesabu misumari.

"Mwanangu," Mwarandu akasema, akifuta machozi, "hivi ni vidato. Nimevikata mimi, kwa panga langu, ili nipate pa kukanyaga. Kwenu mtu akitaka kwenda ghorofani hapandi ngazi?"

"Kwetu hakuna ghorofa."

"Haya. Tazama basi." Mwarandu akatia mguu wake mzima kwenye kidato. "Shimo la chonga ni la kuingia kidole. Hili laingia mguu wangu na matope yake. Chonga wa kutoboa hivi, Karani, huyo si wa kuuawa, ni wa kufungwa jembe alime."

Nicanor aliuangalia ule mguu kwa makini. Ukweli usemwe, kijana hakuwa mjinga. Kilichomkosesha ni kwamba hajawahi kuishi na mnazi, na kule kwao mti wenye mashimo ni mti wenye wadudu. Tena wiki iliyopita Bwana alikuwa amemtupia kitabu mezani mbele ya makarani wenzake, akamuuliza kwa nini ni kitupu, kwani chonga wamekwenda likizo? Tangu siku ile Nicanor hakulala. Akaanza kuhesabu mashimo.

"Njoo," Mwarandu akamvuta mkono. "Mgonjwa nitakuonyesha mimi."

Hatua ishirini kutoka pale ulisimama mnazi mwingine, mrefu na mwembamba, uliopandwa mwaka mmoja na ule wenye kibati. Huo waliuita Kipara. Haukuwahi kuzaa hata kidaka kimoja, na kwa kuwa haukuwa na chochote huko juu, hakuna aliyepata sababu ya kuupanda; shina lake lilikuwa laini, halina kidato hata kimoja. Kileleni yalikuwa yamebaki makuti manne, yote yamekatwa mikasi. Ukikaa karibu nao jioni uliwasikia chonga wakivuma humo ndani. Mwarandu alikuwa amekwisha kuomba ruhusa ya kuukata mara mbili, kwa kuwa mwenye kukata mnazi bila ruhusa wakati wa vita hufungwa. Mara zote mbili alijibiwa kwamba minazi ni mali ya vita na aache uharibifu.

Nicanor akauzunguka Kipara polepole, akaupapasa shina, akainama mpaka mizizini.

"Sifuri," akasema. "Hii iko mzima kabisa." Akaandika.

Mwarandu akamgeukia Mzee Fondo. Mzee huyo akamwambia kwa sauti ya chini, kama anayetoa taarifa ya msiba: "Bwana mwenyewe atapita saa kumi jioni, Baba Nyamvula. Akiukuta wenye kibati umesimama, atachukua cheti chako cha kugema. Na minazi mingine yote itakatwa."

"Mzee Fondo, nawe wanywa tembo la mnazi huu!"

"Nanywa," Fondo akakiri. "Tena ndilo tamu."

Wakaenda zao na kopo lao.

Sasa, ukiacha Kipara, minazi kumi na mmoja Mwarandu alikuwa nayo, na kama wangemkatia wowote kati ya ile kumi angelalamika wiki nzima kisha angezoea. Huu wenye kibati ulikuwa wa Nyamvula, binti yake wa pekee. Siku kitovu chake kilipodondoka, Mwarandu alichimba shimo mbele ya mlango, akakifukia humo, na juu yake akapanda nazi iliyochipuka. Nyamvula na mnazi vikakua pamoja, na kwa miaka kumi na tisa mama mtu alipimia mmoja kwa mwingine. Sasa Nyamvula alikuwa ameolewa Changamwe, ana mimba kubwa, na mwezi ujao alikuwa anakuja kujifungulia nyumbani. Mwarandu alikuwa ameacha kole moja, tawi la nazi, kileleni asiligeme, ili mbegu ya mjukuu itoke kwenye mnazi wa mamake. Utamwambia nini mtoto kama huyo anapofika mlangoni akakuta kisiki? Mwarandu akavaa shati, akaondoka kwenda kumtafuta Bwana.

Ofisi ilikuwa karibu na kivuko cha Likoni, mwendo wa saa nzima kwa mguu. Mlangoni alikaa tarishi mzee mwenye tarbushi, anakula muhogo wa kuchoma.

"Shikamoo, mzee. Bwana yupo?"

"Marahaba. Bwana yupo, lakini ametoka."

"Kaenda wapi?"

"Shelly Beach, kukagua minazi."

"Atarudi saa ngapi?"

Tarishi akafikiri. "Alichukua taulo," akasema.

Mwarandu akaeleza shida yake yote, tangu msumari mpaka kitovu. Tarishi alimsikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huruma kila palipohitaji huruma, na mwisho akauliza: "Mnazi wenyewe umeshakatwa?"

"La. Ndiyo maana nimekuja."

"Basi huna la kulalamikia, ndugu yangu. Malalamiko ya minazi iliyokatwa ni Jumatatu. Uje na kibati chake."

"Na malalamiko ya mnazi ambao haujakatwa?"

"Huo haujapatikana na jambo. Sisi hapa hatuandiki jambo ambalo halijatokea."

Mwarandu akabaki amesimama pale uani. Mbele ya ofisi, pande zote mbili za mlingoti wa bendera, palikuwa na minazi miwili ambayo hakuna mgema aliyewahi kuruhusiwa kuigusa. Mashina yalikuwa laini, yamepakwa chokaa mpaka kiunoni. Akainua macho juu. Makuti yote yalikuwa yamekatwa mikasi.

"Na hii je?" akauliza.

"Hiyo ya serikali," tarishi akasema. "Haiugui."

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa la utosi. Mkewe, Nyevu, alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Alimsikiliza mumewe bila kuinua kichwa, na kadiri hadithi ilivyoendelea ndivyo alivyokuna kwa nguvu zaidi, hata nazi ikaisha na akawa anakuna kifuu. Kisha akauliza swali moja tu.

"Hicho kibati kina misumari mingapi?"

"Miwili."

"Koleo la marehemu babangu liko uvunguni."

"Mama Nyamvula! Ile ni mali ya serikali!"

"Kwani nimesema nitaiiba? Nitaisogeza. Hatua ishirini tu."

Mwarandu akainuka akaleta shoka. Nyevu aling'oa kibati kwa koleo, akakipeleka kwa Kipara, akakigongomea palipo usawa wa kifua kama kilivyokuwa, na kila alipopiga alitaja jina la mtu ofisini. Mwarandu akaanza kukata. Mti uliokufa hausumbui. Saa sita haijaisha sawasawa Kipara ukalala chini kwa kishindo, kilele kikapasuka, na harufu ya uozo ikaenea ua mzima. Ndani mlijaa mabuu meupe, manene, yanapinda-pinda, pamoja na chonga wazima waliokasirika kwa kuamshwa mchana.

"Miaka miwili naomba ruhusa ya kuukata," Mwarandu alisema, akihema. "Miaka miwili!"

Hapo ndipo Mzee Fondo alipotokea, ametumwa kuangalia kama amri inatekelezwa. Akaona mnazi umelala, uso ukamng'aa. Akaona ni upi, uso ukamsawijika.

"Mmekata usiokuwa wenyewe!"

"Kibati kiko wapi, Mzee Fondo?" Nyevu akauliza.

"Kiko hapo."

"Basi ndio wenyewe."

"Mama, usinichezee! Kitabuni mna mashimo sabini na mawili. Yako wapi? Huu hauna hata moja! Bwana atauliza, karani atasoma, na mimi ndiye niliyeshika misumari! Nitafungwa, haki ya Mungu, nitafungwa na hizi mvi zangu!"

Wote watatu wakalitazama lile gogo. Lilikuwa limelala jeupe, laini, halina hata mkwaruzo. Kisha Mwarandu akatema mate viganjani, akachukua panga.

Amini usiamini, mtu yule alikaa mchana kutwa, jua kali, akikata vidato kwenye mnazi uliokwisha kuanguka. Kazi aliyoifanya kwa mnazi wa Nyamvula kwa miaka, kidato kimoja kila mti uliporefuka, aliimaliza kwa saa tatu. Nyevu alimfuata nyuma na sufuria lililogeuzwa juu chini, anachota masizi kwa kitambaa, anapaka kila kidato kipya kisionekane cheupe. Fondo alipewa kuhesabu, maana ndiye aliyekuwa na hofu kuliko wote.

Alifika hamsini na tatu, wakaja makuli watano kutaka tembo la mchana. Wakauliza mnafanya nini. Fondo akawajibu ni siri ya serikali, na kwa kuwajibu akapotewa na hesabu. Makuli nao wakaingia kusaidia, kila mmoja akihesabu kwa lugha ya kwao. Mmoja akapata sitini na tisa, mwingine themanini, na wa tatu, aliyekuwa amepitia tembo mahali pengine kwanza, akasema ni kumi na minne. Nyevu akawanyamazisha wote, akavua ushanga wake, akaweka punje moja kwenye kila kidato, kisha akaziokota.

"Sabini na vitatu," akasema. "Umezidisha kimoja."

"Kiachwe tu," Mwarandu akasema.

"Kisiachwe!" Fondo akapiga kelele. "Kitabu ni kitabu!"

Wakakiziba kimoja kwa udongo. Halafu wakakumbuka kwamba mnazi wa Nyamvula umesimama pale pale mlangoni na vidato vyake vyote nje. Makuti ya kuezekea yaliyokuwa yamefungwa mafungu yakasimamishwa kuuzunguka, na yalipokwisha, Nyevu akaupandishia kamba na kuanika leso zake zote mpaka urefu wa kufikia. Makuli walitamani kukaa waone mwisho, lakini Fondo akawafukuza.

Saa kumi na dakika chache pikipiki ikasikika. Bwana Chonga alikuja ameipanda yeye, uso mwekundu, nywele bado zina maji ya chumvi. Nicanor alikuja nyuma yake kwa miguu, anakimbia, soksi zimemshuka.

"Jambo, mzee! Wewe nakata muti? Muzuri sana!"

"Nimekata, Bwana."

Nicanor alikuwa amesimama, bado anatweta, anageuza shingo huku na huku. Alilitazama gogo, akaitazama nyumba.

"Ile mti," akasema polepole, "ilikuwa karibu na nyumba."

"Nyumba ndiyo iliyokuwa karibu na mti, Karani," Nyevu akamjibu, macho makavu. "Ulipousimamia wewe ulikuwa umeipa nyumba mgongo."

Nicanor akafikiria jambo hilo, likamshinda. Kwake yeye mnazi ulikuwa mnazi. Akainama akaanza kuhesabu, anagusa kila kidato kwa ncha ya kidole. Fondo alikuwa akihesabu naye kimyakimya, midomo inamcheza. Walipofika sabini na viwili na gogo likaisha, Fondo alikaa chini ghafla, juu ya kopo lake la misumari.

"Sabini na mbili, sir. Kama kitabu."

Lakini alipoinuka, Nicanor aliona kidole chake ni cheusi. Akakisugua kwa gumba. Akakinusa. Ni masizi ya sufuria, na hakuna mtu aliyelelewa na mama asiyeijua harufu hiyo. Akainua macho, yakakutana na ya Mwarandu, na kwa muda kidogo wanaume wale wawili waliangaliana. Kisha Nicanor akafuta kidole kwenye kaptura yake na kufunga kitabu.

Maana wakati huo Bwana alikuwa amekwisha kupiga magoti kileleni mwa gogo na kupasua moyo wake kwa kisu. Mabuu yalimiminika. Bwana akapiga kelele ya furaha kama aliyefukua dhahabu. Mia moja! Mia mbili! Tangu aje pwani hajaona mnazi wenye wadudu wengi hivi. Akasimama, akamshika Nicanor bega kwa mkono uliojaa uozo, akamwambia maneno mengi ya Kizungu ambayo Mwarandu hakuyaelewa, ila aliona shingo ya kijana inarefuka.

"Anasemaje?" Mwarandu akauliza.

"Anasema," Nicanor akajibu, "njia yangu ya kuhesabu mashimo imehakikishwa. Anasema ni ya kisayansi. Kesho, kuanzia saa mbili asubuhi, minazi yote kutoka Mtongwe mpaka Shelly Beach itahesabiwa. Kila mnazi yenye mashimo zaidi ya hamsini itakatwa." Akaangalia chini. "Na mimi nitapewa baiskeli."

Minazi ya wagema wote! Kila mnazi unaogemwa, kila mnazi unaolisha nyumba, ndio wenye vidato. Usio na kitu ndio laini. Mwarandu alihisi ule mchana wote, vile vidato vyote, vimemrudia mgongoni. Angenyamaza, na nani angemlaumu? Lakini kunyamaza hakukumfaa tena, maana mnazi wa Nyamvula nao ulikuwa na vidato vile vile chini ya zile leso. Akapiga hatua mbele.

"Bwana, nisikilize. Haya si mashimo ya chonga. Ni vidato. Nimevikata mimi leo hii, kwa panga hili. Mnazi wenye vidato ndio mzima. Nifunge ukitaka, lakini usiikate minazi ya watu. Mwambie, Karani. Neno kwa neno."

Nicanor alikuwa akiangalia barabara ndefu ya vumbi aliyokuja nayo mbio. Kisha akamgeukia Bwana, akasema maneno matatu au manne ya Kizungu.

Uso wa Bwana ukachanua. Akaja akamshika Mwarandu mkono, akautikisa kwa nguvu. "Ahsante, mzee! Serikali pia nasema ahsante!"

"Umemwambia nini?" Mwarandu akauliza, mkono ungali unatikiswa.

"Nimemwambia unashukuru."

Kabla ya kuondoka Bwana alitoa amri ya mwisho, na hii Nicanor aliitafsiri sawasawa. Kwa kawaida gogo la mnazi mgonjwa huchomwa moto siku hiyo hiyo, ili chonga wasiruke kwenda kwenye minazi mingine. Lakini mafuta ya taa yamekwisha kwa ajili ya vita, na moto karibu na bandari haukubaliwi. Tena gogo hili ni ushahidi. Atakuja Bwana mkubwa kutoka Nairobi kuliona, mwezi ujao au unaofuata. Kwa hiyo gogo, na kila mdudu aliyemo ndani yake, ni mali ya serikali. Asiguswe hata mmoja. Nicanor akaligongomea kibati cha pili.

"Na hao chonga wakiruka?" Mwarandu akauliza. "Mnazi wangu uko hatua ishirini."

"Hilo halijatokea," Nicanor akasema kwa sauti ndogo. Akamfuata Bwana wake kwa miguu.

Habari ilienea Mtongwe kabla moshi wa pikipiki haujatua. Wagema walikuja kumtukana Mwarandu, na walipomaliza wakamuuliza wafanye nini. Nyevu ndiye aliyewajibu, akichungulia kile kidato kimoja kilichozibwa kwenye gogo: Karani kakipapasa asikijue. Jua lilipokuwa linashuka, Likoni nzima ilikuwa inakanda udongo. Wanaume walikuwa juu ya minazi, wanawake wanapandisha ndoo, kila mtu anaziba vidato vya mnazi wake na kuvilainisha kwa kiganja kama anayekandika ukuta. Mzee Fondo alizunguka na kopo lake kuwahimiza wafanye upesi, kisha akawahimiza wasiseme kwamba ni yeye aliyewahimiza.

Mwarandu aliziba vya mnazi wa Nyamvula akishuka, kimoja baada ya kingine, kutoka juu mpaka chini. Alipotia udongo wa mwisho akarudi nyuma kuutazama. Ulikuwa laini kama Kipara.

"Umekuwa mzima kabisa," Nyevu akasema, akizianua leso zake. Halafu akatazama juu. "Na kibuyu cha jioni?"

Kibuyu alichokitundika asubuhi alikuwa amekisahau huko huko kileleni, kimejaa. Tembo lilikuwa linafurika na kutona pole pole kwenye shina, na hakuna mgema duniani ambaye angelifikia bila kubomoa ule udongo. Mwarandu akalifuata tone moja kwa macho mpaka likaingia ardhini, pale kilipofukiwa kitovu. Kesho watahesabu. Kesho kutwa watahesabu tena, kwa kuwa kijana atakuwa na baiskeli. Basi huo ndio uzima wenyewe: mnazi upone, na wenyewe walale njaa chini yake.

Kutoka kwenye gogo, hatua ishirini, pakasikika mvumo. Chonga mmoja alijikokota nje ya ushahidi, akapima upepo, akaruka. Alipita juu ya kichwa cha Fondo, akazunguka ua, akajigonga kwenye shina la mnazi wa Nyamvula na kuanguka chalichali miguuni pa Mwarandu, anarusharusha miguu yake sita hewani.

"Baba Nyamvula," Fondo akasema kwa hofu, "kumbuka huyo ni mali ya serikali."

Mwarandu akamtazama yule mdudu. Akautazama mnazi wa binti yake, na vile vidole vyake mwenyewe vilivyovimba kwa panga. Akaenda ndani, akatoka amevaa kiatu chake cha kanisani, kile cha kisigino kigumu.

"Hili halijatokea," akasema, na akakanyaga.